Waya wa Dirisha la Tatu

Usiku ule mkono wangu ulikuwa na jiwe.
Nalisema mapema, wasije wengine wakanisemea.
Jiwe la matumbawe, lenye meno,
nililiokota nyuma ya kanisa letu pale Wete,
bati likiwa bado linalia kwa moto
na harufu ya karafuu za jirani
imechanganyika na moshi wa mabenchi.

Tulikuwa vijana saba. Nehemia, fundi baiskeli, ana nondo.
Hatukuulizana ni nani.
Tulishajua ni nani,
kama unavyojua jina la usiyempenda.

Mwinjilisti Damari akatoka gizani, kanga chapachapa,
kwapani kitabu cha ubatizo kilichoungua pembe.
"Mama, sema neno."
Akasema: "Hesabuni watoto."

Basi.
Tukahesabu, na anayehesabu hawezi kurusha.
Kumi na nane. Kumi na tisa.
Wa ishirini, Tumsifu, tulimkuta kwa Bi Mize Shaame,
kalala fofofo barazani,
kafunikwa mtandio usio wa kwao.

Ndipo nikaziona ndoo.
Zimeegemea ukuta, za kila rangi, bado zinachuruzika,
moja imeandikwa MADRASA kwa rangi ya mafuta.
Zilifika kabla yetu.
Niliziona, na jiwe sikulitupa.

Kuna aliyekwisha kupiga picha na kuandika chini yake
"Wametuchomea."
Damari akanyoosha kiganja, akaomba simu, hakufoka.
"Picha ni yako. Hilo neno lifute."
Sheha Faki akaja na tochi na daftari, anataka washukiwa.
"Andika kwamba hatujui," akamwambia.
"Kukicha tutatazama."

Nehemia alitema mate. Nami nilimwona mwoga.
Leo nami nina watu wanaoningoja niseme,
na sijui alilitoa wapi lile "hatujui",
mbele ya macho mia yanayodai jina.

Asubuhi akapanda ngazi mwenyewe,
fundi Khatibu nyuma yake akishika miguu ya ngazi.
Dirisha la tatu, upande wa kibla cha jirani,
waya umechubuka, umefungwa kwa mfuko wa nailoni,
nailoni imeyeyuka kama nta.
Khatibu akainama akatafuta bisibisi
ambayo ilikuwa mfukoni mwake.
Ile ilikuwa adabu. Nilichelewa kuielewa.

Jumapili tuliabudu juu ya majivu, jua utosini.
Hakufungua kitabu.
"Mwezi wa sita Khatibu aliniambia waya huu umechoka.
Nikamwambia usubiri, tunanunua kinanda.
Mnaotafuta aliyechoma kanisa,
mmetazamana naye tangu ibada ianze."

Hakuna aliyesema amina.
Mzee Amosi alichukua kofia yake, akaondoka, hakurudi
mpaka Pasaka. Familia mbili hazikurudi kabisa.
Kinanda kiliuzwa kwa bei ya kutupa.
Wapo wanaosema hadi leo angenyamaza tu,
aseme ni umeme, nani angeuliza?
Sina jibu la kuwapa. Najua tu
kwamba wiki ile hakuna mtu aliyepigwa Wete.

Jumatatu alitupeleka kwa Bi Mize.
Karafuu zake, majamvi matatu, zilikanyagwa usiku ule
na watu waliokimbilia kisima.
Damari akatoa bahasha. Bi Mize hakuigusa.
"Pesa sitaki. Nipe mikono, na isiwe mivivu."

Tukakaa chini hadi alasiri,
tukichambua karafuu na jivu, karafuu na makonyo,
Nehemia anapiga chafya, watoto wanamcheka.
Upepo ukaanza kuinua pembe ya jamvi.
Nikatia mkono mfukoni,
nikalitoa jiwe, nikaliweka pale pembeni.

Bi Mize akalitazama.
"Umelitoa wapi?"
"Nyuma ya kanisa."
Akalisogeza kidogo, likae sawa,
akaendelea kuchambua.