Hakufika

Usiku wa Ijumaa walinipa ngao.
Kioo kizito, jina langu limechongwa kwa mshazari,
na chini yake: saa mia mbili na kumi na nne
za kazi bila malipo kwa wasio na uwezo.
Mawakili wa Thunder Bay walipiga makofi
kwa kugonga meza kwa mkono mmoja,
maana mwingine ulishika glasi.
Nje, ziwa lilikuwa limeganda hadi kwenye maghala ya nafaka.
Ndani, Mzee Saarela alisifu moyo wangu.

Nikatabasamu. Nikahesabu.
Katika hizo saa, tatu ni za Delphine Wabasse.

Ofisi yetu iko juu ya duka la viatu.
Vidato kumi na kimoja, vya mbao, vimeliwa katikati.
Siku hizo sikujua idadi.
Mwenye miguu hahesabu ngazi.

Nilimwita Jumanne, saa nne asubuhi,
alete risiti za kodi ya nyumba;
kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kujibu shauri.
Barua yangu ilikuwa na adabu. Ilisema "karibu".
Haikuuliza anatembeaje.

Saa nne ikapita. Na nusu yake.
Kitu kikagonga dirisha, pu! Nikadhani watoto,
nikafunga pazia.
Kisha nikaandika kwenye jalada neno moja,
neno linalomnawisha wakili mikono:
Hakufika.

Mchana, niliposhuka kununua supu,
palikuwa na mistari miwili kwenye theluji,
myembamba, sambamba,
kutoka kituo cha basi hadi mlangoni petu.
Hapo ilijikunja, ikachimba, ikajikunja tena,
kama ya mtu anayesogeasogea asigande,
halafu ikarudi ilikotoka.
Niliiona.
Niliiruka nisilowe viatu.
Supu ilikuwa ya dengu.

Mwezi wa tatu walimtoa nyumbani kwake.

Kutoa ni moyo. Sawa.
Lakini wangu ulikuwa ghorofani,
na kengele yake imefungwa juu, kidato cha mwisho.

Jumatatu baada ya ngao nilimfuata kwa dada yake.
Kosa lako, mteja alisikie kwako kwanza:
hilo tuliapa, mkono hewani, siku ya joho jipya.
Nilimweleza. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko mahakamani.
Akazima redio.

"Nilikurushia donge la theluji," akasema.
"Ukafunga pazia."

Nikatoa hundi. Akaigeuza, akaitazama nyuma
kana kwamba maelezo yangeandikwa huko.
"Hii ni ya nani? Yangu, au ya usingizi wako?"
Akairudisha.
"Omba shauri lifunguliwe upya. Useme kwa nini.
Na utafute seremala."

Seremala nimempata. Mwenye jengo amekataa:
mteremko, asema, utaharibu sura ya mtaa.
Tunaandikiana. Siku moja nitamshitaki, bure kabisa.
Kwa sasa, Jumanne nashuka na majalada yangu,
nakaa dukani kati ya masanduku ya buti,
na muuza viatu hunisogezea kile kiti
wanachokalia watu wakipima nambari.
Mlango wake hauna kizingiti. Miaka tisa
nimepita hapo bila kuuona.
Juzi alikuja kiziwi na mkalimani wake;
jana mama mwenye pacha kwenye kigari.
Sijui walikuwa wapi zamani.
Labda nao wamo kabatini, chini ya neno lile.

Nilikiandikia chama: punguzeni tatu.
Katibu akajibu kwa upole kwamba haina haja,
kioo kimeshachongwa.

Shauri la Delphine bado halijasikilizwa.
Kuhusu jalada, sikufuta kitu; jalada halifutwi.
Nilipiga mstari mmoja, ili neno la zamani lisomeke,
nikaandika juu yake kwa wino mweusi,
nikatia tarehe na sahihi:

Alifika. Hatukushuka.