Kengele Haifanyi Kazi

Gazeti la mtaa, hapa Łódź, hulipisha kwa neno,
zloti mbili kila moja. Shangazi Bronisława
kanipa noti ya hamsini, na anataka chenji.

Nikaandika: *Fundi bingwa wa zipu, uzoefu wa miaka mingi,
huduma ya kisasa, ya haraka, bei nafuu, karibuni nyote.*
Akasoma, pini zimejaa mdomoni.
"Huyu nani? Mimi ningemwogopa."
Akamfuta bingwa. Akaifuta kisasa,
maana cherehani yake ni mkubwa kwa mama yangu.
Haraka aliitazama kitambo,
kisha nayo akaichora mstari, polepole.

Kizuri chajiuza, nikamkumbusha, nimechukia kidogo.
"Aliyesema hivyo," akasema, "hakupanga chumba
ua wa pili, nyuma ya mapipa ya taka.
Andika kilichotokea."

Kilichotokea ni Januari, na mwalimu Wieńczysław
aliyeingia amenaswa ndani ya koti lake
tangu juzi. Alilala nalo. Alifundisha nalo
mito ya Asia, jasho likimtiririka.
Shangazi hakusema kitu. Alichukua kipande cha mshumaa
akapaka meno ya zipu, moja moja,
kama anayempaka mtoto dawa ya kidonda,
hata ikashuka yenyewe, *zzzii*,
na mzee wa watu akashusha pumzi za siku mbili,
akaomba maji.

Basi nikaandika:

*Umekwama kotini? Njoo nalo mwilini.
Ua wa pili, mlango wa kijani, nyuma ya mapipa.
Kengele haifanyi kazi. Gonga.*

Maneno kumi na manane. Nikataka kuikata kengele:
ni aibu, shangazi, na aibu ya zloti sita!
"Iache. Mtu asije akabonyeza, akasubiri,
akaenda zake akidhani nimekufa."

Jumatatu, kimya. Jumanne, theluji.
Jumatano mlango ukagongwa,
nami nikakimbilia kitabu cha risiti.

Alikuwa Ziemowit, fundi umeme wa mtaa wa nyuma,
ngazi begani, bisibisi mfukoni.
"Nimesoma kwamba kengele yenu ni mbovu," akasema.
Habari za zipu hakuwa nazo.

Shangazi akamtazama kifuani:
koti limebanwa kwa pini tatu
na kipande cha waya mwekundu.

"Weka ngazi chini," akamwambia,
akiupapasa mshumaa. "Tuanze na wewe."