Daftari la Kituo cha Kumi na Nne

Baba hakutuachia shamba; shamba lililiwa na mto.
Alituachia daftari lenye jalada lililogandishwa mara tatu,
na ndani yake, kwa penseli,
matokeo yote ya kituo cha kumi na nne,
jimbo la Rivière-aux-Aulnes,
tangu mwaka alioota ndevu.

Hakuandika "kura". Aliandika "watu".
Wekundu, watu sitini na mmoja.
Bluu, watu hamsini na wanane.
Zilizoharibika, mbili: moja ya Onésime, kachora farasi;
ya pili sijui ya nani, ila inanuka samaki.

Siri ya kura? Kwetu ilikuwa siri
kama mimba ya miezi minane ilivyo siri.
Wekundu walikaa mtoni, Bluu mlimani,
na mtoto alipata rangi
kabla hajapata jina.
Padri Théotime hakumtaja mgombea hata siku moja;
ila Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi
utepe wa misale yake uligeuka bluu,
na watu wa mtoni wakakohoa mpaka Amina.

Ukurasa wa tisa: *Mwaka wa lami.*
Bluu walishinda. Lami ikaja kutoka mjini,
nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi,
ikapanda mlima, ikafika mlangoni pa Ferdinand Haché,
ikasimama.
Miaka minane ilisimama pale.
Sisi watoto wa mtoni
tuliijua serikali inapoishia
kwa makovu ya magoti.

Ukurasa wa kumi na mbili una doa la chai.
Msimamizi kaletwa kutoka mji mkuu, hajui Kifaransa.
Analiita jina la bibi yangu, Zélica Mazerolle,
mara tatu, kama mtu anayetafuna kokoto.
Bibi kakaa kimya, mkoba magotini.
"Hayupo," msimamizi akaandika.
"Nipo," bibi akasema kwa lugha yake,
"ila huyo unayemwita simjui."
Akavaa glavu, akarudi nyumbani kwa miguu katika theluji.

Bluu wameshinda kwa mtu mmoja.
Baba hakuongeza neno.
Bibi naye, hadi kufa kwake, alipoulizwa
alijibu kwamba siku ile mkate wake uliumuka vizuri.

Baadaye kurasa zinakonda.
Watu arobaini na wanne.
Watu thelathini na wawili, na pembeni, kwa herufi ndogo,
walikokwenda wengine: Moncton, Alberta, makaburini.
Kiwanda cha mbao kilipofungwa
msumeno ulinyamaza katikati ya gogo,
na gogo lile lipo hadi leo, limeng'atwa nusu.
Mwaka huo ilizuka rangi ya tatu, ya njano,
watu kumi na tisa kwa mpigo.
Baba aliibonyeza penseli hadi ikatoboa karatasi.

Nami nilidhani namjua. Mwekundu, mtoto wa Mwekundu,
soksi nyekundu hata ndani ya jeneza.
Lakini soma hapa chini, mstari wa mwisho:
*Iliyoharibika, moja: mimi.*

Sikumuuliza. Daftari nililipata akiwa amekwisha zikwa.

Sasa tume imechora mipaka upya.
Kuanzia mwakani sisi ni mkia wa jimbo jingine,
lenye jina refu na ofisi iliyo mbali,
na kituo cha kumi na nne kitakuwa ukumbi wa bingo tu,
kama kilivyo siku zote nyingine.
Jana usiku, pamoja na Léontine wa posta,
tumemwaga sanduku juu ya meza kwa mara ya mwisho.
Hatukuhitaji miwani wala muda.

Nimeichonga penseli yake kwa kisu cha jikoni.
Wekundu, watu kumi na mmoja.
Bluu, watu tisa.
Njano, watu sita.
Iliyoharibika, moja: farasi.
Mjukuu wa Onésime, bila shaka.
Amemchora vizuri kuliko babu yake;
huyu ana kwato zote nne.