Alama Kwenye Mlango wa Kushoto

Usianze na sabuni, Drajoa.
Najua mkono unakuwasha kuona povu.
Anza na maji matupu, maji mengi,
kuanzia paani, yateremke yenyewe
yakibeba vumbi la Koboko, vumbi la Vurra,
hili vumbi letu jekundu
ambalo ukilitazama ni poda
na ukilisugua ni msasa.

Ngoja. Kabla ya maji, gusa boneti kwa kiganja.
Bado ina moto? Iache. Kaa.
Tutalisukuma gari hadi chini ya bati,
maana jua la Arua lina haraka kuliko wewe:
litakukaushia sabuni mlangoni
na kukuachia madoa
kama michirizi ya machozi kwenye shavu la mtoto.

Ndoo mbili. Hii ya povu, hii ya kusuuzia sponji.
Aliyekufundisha ndoo moja
alikufundisha kuchota uchafu na kuurudisha.
Ile ya tatu, iliyopasuka mdomo, ni ya magurudumu tu.
Kitambaa cha rimu kisipande juu,
hata kikifuliwa,
hata kikiapa.

Sabuni ya mche ni ya mashati. Iweke.

Sasa osha. Paa, vioo, boneti, buti,
milango baadaye, bampa mwisho.
Usikandamize. Si sufuria ya ugali hii.
Na sponji ikianguka chini
usiipigepige pajani ukadhani imesamehewa.
Chukua nyingine.

Kausha kwa taulo laini, uilaze, uivute polepole.
Kisha polishi: tone kama punje ya kunde,
duara dogo, duara dogo, kipande kwa kipande,
usikimbilie boneti kwa sababu ndiyo inayoonekana.
Mwalimu Candiru amelinunua juzi,
yuko kule ng'ambo na chai yake ya tangawizi,
anajifanya hatuangalii.

«Shangazi, nani alichora hapa?»

Wapi?

«Hapa, chini ya kitasa. Mistari mitatu.
Kama kuku aliparua.»

Pitisha ukucha. Unakwama?

«Unakwama.»

Basi polishi haitaitoa. Usijichoshe.
Unaweza kuing'arisha ikang'aa,
lakini itang'aa ikiwa palepale.

Gari hili lilikuwa la daktari, wakati huo jeupe kama yai.
Mimi nilikuwa na siku mbili kazini, pale karibu na mto Enyau,
na kanga mpya kiunoni, nikijiona.
Kitambaa kilianguka. Nikakiokota.
Ndiyo hivyo tu, hakuna hadithi nyingine.
Daktari hakufoka. Alipitisha ukucha, kama wewe sasa,
akatazama kidole chake muda mrefu,
akasema, «Jumamosi utakuja tena.»
Nikaja Jumamosi. Nikaja Jumamosi thelathini na moja, bure,
hadi siku moja akaniwekea noti kwenye kiti
na kuondoka bila kuaga.

Lete nta.
Kidogo. Nyembamba kuliko hiyo. Nyembamba
kana kwamba unaomba ruhusa.
Iache hadi ifanye ukungu, kama kioo ulichokipumulia,
na ukichora kwa kidole, mstari ubaki safi.
Ndipo uifute, na kitambaa ukigeuze,
na ukigeuze tena.

Paka na hapo.
Ndiyo, hapo hapo. Hasa hapo.

Mwagia maji tuone.
Unaona yanavyojikunja kuwa shanga,
yanavyokimbizana kwenye mlango kama vifaranga?
Isipokuwa pale chini ya kitasa:
pale yanasimama,
mistari mitatu myembamba ya maji,
imelala kwenye vitanda vyake.

Mwalimu anamaliza chai.
Usimwambie.
Au mwambie, mimi sina neno.
Ila kwanza kamwage ndoo, zote tatu,
na ile ya magurudumu imwage mbali na nyingine.