Ngozi ya Tufe

Dundee kwenye karakana, kazi yangu ni dhahabu,
Vipande vyepesi sana, pumzi huvipa tabu,
Nazivika tufe, bwana, huku nikivihesabu:
Upana ukiwa mbili, ngozi yake huwa nne.

Ile ndogo ilimeza vipande kumi na sita,
Kubwa Geddes akalaza: "Maradufu utapata."
Nusu ikabaki giza, kasha tupu lanisuta;
Upana ukiwa mbili, ngozi yake huwa nne.

Akasema: "Umeiba!" Sikuinua kauli.
Kengele ya saa saba, machungwa yangu mawili:
Moja dogo, moja baba, kwa upana mara mbili,
Upana ukiwa mbili, ngozi yake huwa nne.

Dogo nikamenya ganda, kisahani kikajaa;
La kubwa likajitanda, vinne likavitwaa;
Geddes chai ikaganda, ameshika, kaduwaa:
Upana ukiwa mbili, ngozi yake huwa nne.

Nilijua tangu Tanga, kwa ladu zenye ufuta,
Mama akiziviringa, kubwa zilivyoufuta,
Nami bakuli nachunga, mbegu nikiziokota;
Upana ukiwa mbili, ngozi yake huwa nne.

Sasa tufe mnarani yang'aa mbele na nyuma.
Radhi? Bado i njiani, Geddes hapendi kusema;
Ila chaki ubaoni imeandika mapema:
Upana ukiwa mbili, ngozi yake huwa nne.