Kipanya

Bytom, Februari. Theluji imekuwa tope jeusi.
Tumeketi watu kumi na mmoja
katika ukumbi ambamo bendi ya mgodi ilikuwa ikijinoa;
ndoano za tarumbeta zingali ukutani, tupu.

Mwalimu anaitwa Jagna. Ana umri wa buti zangu.
"Shikeni kipanya," anasema, "taratibu,
kama mnashika yai."
Mimi nimeshika nyundo ya upepo miaka ishirini na tisa.
Mkono huu ukigusa yai
mshale unaruka hadi pembeni mwa kioo
unajificha.

Jina langu la ukoo ni Kocur. Kwetu maana yake paka dume.
Alojzy, aliyekuwa fundi wa lifti ya shimo,
hakukubali utamu huo umpite:
"Tazameni, paka kashindwa na kipanya!"
Tukacheka mpaka mtu akakohoa,
na mmoja wetu akianza kukohoa
wengine husubiri.

Kule chini, mita mia saba,
panya tuliwapa maganda ya mkate.
Hatukuwapenda. Tuliwasikiliza.
Wakikimbia wote upande mmoja
unatupa chombo, nawe unakimbia,
huulizi. Dakika tatu, dari imekuwa sakafu.

Huyu wa mezani, mwenye mkia wa waya,
hakukimbia mgodi ulipofungwa.
Hakuna kilichokimbia. Ilikuja barua tu.

Leo tunafungua akaunti za kuombea kazi.
Naandika nywila: 1184,
namba ya kibati cha kaka yangu Rufin,
kile ambacho jioni ile hakikurudi msumarini.
Kompyuta inajibu kwa herufi nyekundu:
Nywila yako ni dhaifu.

Nimetulia.
Jagna amekuja, ameinama, hajauliza.
"Ongeza herufi kubwa," anasema. "Na alama, yoyote."
Naongeza R. Alama naitafuta;
kidole kimoja kinatembea juu ya vibonye
kama mtu anayepapasa ukuta taa ikishamzimikia.
Kazi hiyo naijua.

Ile pale. Alama ya mshangao.
Maandishi yanageuka kijani: Ina nguvu.

"Umeweka nini?" ananong'ona Alojzy.
"Siri," namwambia.

Saa sita tunafungua vifurushi vya chakula.
Naumega mkate wangu, na bila kufikiri
ganda naliweka
kando ya mkia wa waya.