Nyasi za Mbele

Miaka thelathini na mitatu Desmond Hallett
alizinyoa nyasi hizi kila Jumamosi saa tatu,
mashine ikikohoa, harufu ya petroli ikivuka ua
hadi kwenye mashuka niliyoanika.
Alizinywesha. Alizilisha mbolea ya mfuko.
Hazikumpa hata jani moja la kutia chunguni.
Kijani cha macho hakishibishi,
nilikuwa nikisema, kwa Kigiriki, asinisikie.

Noreen alipofariki, mashine ilinyamaza.
Kisha Februari, nyuzijoto arobaini na nne,
kitongoji chetu chote cha Adelaide
kikawa na rangi ya mkate uliosahaulika jikoni.
Akanigongea mlango, bili ya maji mkononi,
kama mtoto aliyefeli anavyoleta ripoti:
“Despina, nyanya zako zinakunywa nini?”

Nikamwonyesha tangi nyuma ya gereji,
lililoweka akiba ya mvua ya Julai.
Nikamwonyesha majani makavu niliyotandaza
ili jua lisiulambe udongo.
Nikauzamisha mkono wake kwenye mboji
hadi kiwiko; akauchomoa.
“Inachemka!”
Ni maganda ya viazi, Desmond,
magazeti, na mavi ya kuku.

Hatukulima. Tulizifunika nyasi kwa maboksi
(la friji, la televisheni, la kiti cha magurudumu),
juu yake mboji, juu yake nyasi kavu,
tukaziacha gizani zijiozee.
Aprili tukachomeka vitunguu saumu na njegere.
Mwanamke wa namba kumi na nne alipunguza mwendo wa gari,
akatutazama kama watu wanaozika kitu.

Karibu na sanduku la barua, Desmond akanishika koleo.
“Hapa, hapana.”
Kipande cha upana wa mlango.
Ndani yake vishimo vinne vya miguu ya kiti,
na cha kushoto kimezama zaidi,
maana Noreen aliegemea upande huo kumwona postamani.

Basi kipo. Njegere zimekizunguka,
watoto wa shule wanazichuma wakipita,
naye anajifanya haoni.
Kila Jumamosi, saa tatu ileile,
hupiga magoti na mkasi wa jikoni,
akazikata nyasi zile, unyasi kwa unyasi.
Akimaliza huniletea alichokata
ndani ya kikombe cha chai.
Nakimimina kwenye mboji, nageuza kwa uma.
Hatuongei.

Mwaka huu vitunguu saumu vimenenepa.
Sisemi ni kwa sababu hiyo.